Rangi Kama ya Jirani

Vijana wa karakana, mmeniomba niwaandikie ninayoyajua kuhusu kupaka rangi meno ya kauri kabla sijayasahau. Mmechelewa kidogo. Yaliyobaki kichwani ni yale yaliyoniudhi zaidi, ila msijali, kazi hii iliniudhi kwa miaka mingi, kwa hiyo yapo ya kutosha. Habari za vyeo sitaandika. Zingejaza nusu ukurasa, na za mshahara zingejaza robo.

Sikuanza na meno, nilianza na vifungo. Nilitoka Mbuji nikaja Mbinga mjini na kopo moja la vifungo, sindano na uzi, enzi zile ambazo hata shati lenyewe lilikuwa la kupanga foleni. Kifungo kipya hakikuwepo. Nilinunua mashati yaliyokwisha, nikakata vifungo, nikavitenga kwa rangi, nikauza kimoja kimoja sokoni. Asubuhi moja akaja mzee mmoja mwembamba, shati lake jeupe limepungukiwa kifungo cha pili kutoka juu. Nilitia mkono koponi nikamtolea kimoja bila kuchakura. Akakiweka kando ya wenzake, akakigeuza juani, kisha akaniuliza mle ndani nina vyeupe vya aina ngapi. Nilimjibu kwamba kwa mteja ipo aina moja tu, nyeupe. Kwangu mimi, ambaye hurudishiwa vifungo na kutukanwa, zipo saba. Nikatazama tena koponi nikasema nane.

Huyo ndiye Mzee Osmundi, fundi wa meno bandia katika hospitali ya misheni. Aliniambia niende Jumatatu. Mimi nikadhani hospitali inataka vifungo vya sare za manesi, nikaenda na kopo zima na bei ya jumla nimeshaipanga. Akanipa bakuli la mpira na mfuko wa plasta, akaniambia koroga. Nilikoroga plasta mpaka nikaiota. Plasta haina rangi ya kubishania, nadhani ndiyo maana alinianzishia hapo.

Kipimo cha rangi mnachokijua ninyi, ile safu ya vijino kwenye vijiti vyake, sisi tulikuwa nacho kibovu. Vijino kadhaa vilishapotea, kimoja inasemekana kilitolewa sadaka kwa bahati mbaya. Mzee Osmundi akawa anataja rangi kwa unga. Kulikuwa na sembe, kulikuwa na dona, kulikuwa na unga wa muhogo wa kule ziwani, ule wenye weupe wa kijivu, na ulezi kwa ile kahawia ya karibu na fizi. Msicheke. Kila aliyekaa kwenye kiti cha daktari alijua tofauti ya sembe na dona, lakini mwambie achague kati ya namba mbili za kitabuni, atakuchagulia siku yake ya kuzaliwa.

Masharti yake mengine nimewaimbia mpaka mmechoka, nitayapitia haraka. Rangi ichaguliwe kwanza, kabla daktari hajamwachamisha mgonjwa, maana jino likikauka linakuwa jeupe na kukudanganya, na likilowa tena linarudi lilivyokuwa wakati wewe umeshachoma kauri. Chagua dirishani, jua likiwa upande mwingine wa nyumba. Mgonjwa aliyevaa kitenge chekundu mfunike kitambaa cha kijivu. Tazama jino kidogo tu, kisha tazama ukuta, kisha rudi. Jicho likitazama sana linaanza kukubali chochote, kama mnunuzi aliyechoka. Mzee alikuwa pia na tabia ya kuchonga ncha ya brashi kwa ulimi. Hiyo msiige, na nikimkuta mtu anaiga nitarudi kazini.

Kuhusu uso wa jino alinifundisha kwa mlima. Alinisimamisha mlangoni asubuhi akanionyesha mashamba ya upande wa pili. Wenzangu Wamatengo hawahitaji kuelezwa ngolo, lakini karakana sasa ina vijana wa mikoa mingine: ni mashimo tunayolima milimani, kila moja limezungukwa na matuta, mvua isiporomoshe udongo. Akaniuliza kwa nini naliona kila shimo kutoka mbali vile. Nikasema kwa sababu ya kivuli. Akasema basi jino nalo lina matuta yake na vivuli vyake, na fundi anayelisugua likawa laini kama bati atapata bati. Rangi ya juu, ule unga wa kuchanganya na tone la maji yake na kupaka kwa brashi ya nywele chache, inakuja mwisho kabisa, na ni nyembamba kuliko kiburi cha fundi. Na hulika. Mswaki huila, mkaa wa kusugulia meno huila haraka zaidi. Ukitaka kitu kidumu kiweke ndani ya kauri wakati wa kujenga. Juu unaongeza tu chumvi.

Kisha ikaja ruksa. Ninyi mmezaliwa mnakuta maduka yamejaa, kwa hiyo hamwezi kujua ilivyokuwa kuona madukani chupa za chai za rangi tatu, sabuni zenye manukato na redio za kila ukubwa, halafu unauliza kama kuna unga wa kahawia wa kupakia meno, mwenye duka anakutazama kama umemwomba ini lake. Zamani vifaa vyetu vilikuja na masanduku ya misheni, kwa kuchelewa lakini vilikuja. Masanduku yakapungua, tukaambiwa sasa soko lipo huru, tujinunulie. Nikaagiza kwa mfanyabiashara wa Dar es Salaam kichupa cha kahawia. Kikafika. Kwenye brashi kilikuwa kahawia, tanuri likakitoa kijani. Nilikirudisha kwa basi na maneno makali. Akanijibu kwamba inategemea tanuri. Tukavutana, akakubali kunibadilishia, akaniletea kile kile kimebandikwa karatasi mpya.

Tanuri nalo lilikuwa zawadi, lililotumika na watu wengine mpaka wakachoka nalo. Umeme wa mji ulikuwa wa jenereta la mafuta, na jenereta lilikuwa na akili ya kukatika pale tu joto linapofika penyewe. Jino lililochomwa nusu ni kama ugali ulioepuliwa mbichi, humpi mgeni wala huurudishi kwenye unga.

Lakini kilichonimaliza zaidi ni weupe. Wanunuzi binafsi walipoanza kupanda milimani kugombea kahawa, baadhi ya wakulima walishika fedha, na mtu akishika fedha huanza kujitazama kwenye kioo. Wakaja kutaka meno meupe kama sahani. Unamweleza mzee wa watu kwamba meno yake mengine ni dona, ukimwekea sahani katikati ataonekana amekula nusu ya chombo. Haelewi. Ikabidi nifanye ninachokijua: nikawa napatana. Yeye anaanzia sahani, mimi naanzia dona. Anashuka maziwa, napanda kidogo. Anajifanya anaondoka, namwacha afike mlangoni. Mwisho tunakutana kwenye sembe, kila mmoja akiamini amemshinda mwenzake. Daktari wetu wa meno, mama mmoja mpole, alikuwa akitusikiliza kutoka chumba cha pili na kusema hajawahi kuona mahali pengine ambapo rangi ya jino inauzwa kwa mnada.

Na matabibu wa vituo vya mbali. Hao Mungu awasamehe mwenyewe, mimi nimeshindwa. Walituma meno ya mgonjwa yaliyomwagwa kwa plasta, yamefungwa kwenye gazeti, na neno moja la rangi. "Kawaida." Kawaida ya nani? "Nzuri." Na wale waliojiona mafundi: "kama ya jirani." Ninyi mnajua kwamba katika lugha yetu jirani ni jino lililo kando ya lile tunalotengeneza. Sasa plasta ni nyeupe yote, jirani kwenye plasta hana rangi, anayo mdomoni mwa mtu aliye mbali nami, ng'ambo ya milima, ziwani.

Hapo ndipo ilipoingia habari ya Mama Tekla wa Lundo, huko huko ziwani. Mengine niliyapata baadaye, lakini nayaweka hapa msije mkapotea.

Mama Tekla alikuwa muuza samaki. Jirani yake, Mama Agripina, alikuwa naye muuza samaki, na kwa miaka mingi wanawake hao walitwanga muhogo wao pamoja, kinu kimoja, michi miwili, mmoja akiinua mwenzake anashusha. Siku moja mchi wa Agripina ulimpata Tekla mdomoni, jino la mbele la juu likavunjika, likabaki shina. Tangu siku hiyo hawakusemeshana tena. Kila mmoja akanunua kinu chake.

Tekla kwanza alikwenda kwa fundi mmoja wa kupita, maana ruksa ilikuwa ya kila kitu, akafungiwa jino la plastiki jeupe la kutisha. Watu wa pwani ile hawana huruma. Akicheka wanasema umeme umefika Lundo. Baadaye lile jino likadondoka lenyewe ziwani akiosha samaki, na wapo waliodai usipa wa wiki ile, dagaa wetu wa ziwani, ulivuliwa usiku bila karabai. Basi akaanza kufunika mdomo kwa kanga. Sasa nyie fikirini kama wanunuzi. Unafika mwaloni, pale mitumbwi inaposhusha samaki, unakuta muuzaji amejifunika mdomo na pua mbele ya samaki wake mwenyewe. Utafikiri nini? Wateja wakawa wanampita wanakwenda kwa wengine, na wauzaji wengine walikuwa wengi, kila mtu siku hizo alikuwa mfanyabiashara. Mama yule alikuwa mjane, meza ile ndiyo iliyomlisha, na ilikuwa inakufa kwa sababu ya jino. Hakutaka jino zuri. Alitaka jino ambalo hakuna mtu atakayelisemea neno.

Tabibu wa kule akaweka kijiti cha chuma kwenye shina, akanitumia plasta kwa gari la samaki, na neno lake: kama ya jirani. Siku hiyo jenereta lilikuwa limeshaniharibia meno mawili. Nikamwambia utingo wa gari lile, kijana mwenye sauti ya kuitia abiria, kwamba amwambie tabibu sioni rangi kwenye plasta, namtaka jirani mwenyewe, nimwone kwa macho yangu, na awahi asubuhi.

Utingo hakumwona tabibu. Akaona inatosha kuusema ujumbe mwaloni, samaki wakishushwa, mbele ya kila mwenye masikio: fundi wa Mbinga anasema jino la Mama Tekla haliwezekani mpaka jirani aletwe mbele yake.

Nilipofungua karakana nikakuta wanawake wawili kwenye benchi, mmoja kwenye ncha hii, mwingine kwenye ncha ile, katikati pangekaa mtu na mzigo wake. Walikuja na gari moja, mmoja kwa dereva, mwingine juu ya magunia. Mgonjwa nilimjua kwa kanga. Wa pili alinisalimia, nikaitikia, nikamwuliza yeye anasumbuliwa na nini.

"Mimi ndiye jirani," akasema. "Umeniita, nimekuja. Soma shitaka langu, nina usipa juani."

Nilimweleza. Nilichukua kipande cha plasta nikamwonyesha jino na jirani yake. Alinisikiliza mpaka mwisho kwa adabu.

"Kwa hiyo jirani ni jino."

Nikamwambia ndiyo, mama, nisamehe sana.

"Na mimi nimelalia magunia ya usipa tangu alfajiri, kwa ajili ya jino ambalo lingeweza kuja lenyewe ndani ya mdomo wa mwenyewe."

Nikamwambia gari litarudi, akaniambia gari linangoja mzigo wa mahindi kutoka Mkumbi, haliondoki mpaka mzigo ufike. Kwa hiyo nikawa na mgonjwa mmoja na majirani wawili, mmoja wa mdomoni na mmoja wa benchini, na huyu wa benchini nilipomwomba asubiri nje kwenye kivuli aliniambia hapo alipo panamfaa.

Jirani wa mdomoni niliyemtaka alikuwa mzima, ahsante Mungu. Nilimtazama dirishani kama Mzee Osmundi alivyonifundisha: sembe, lakini sembe ya chini ya gunia, inayoelekea dona, na kwenye ncha ule ubuluu wa maziwa yaliyoongezwa maji. Nikajenga kauri, nikaichoma, jenereta likawa na adabu. Nililinganisha mara mbili, asubuhi na alasiri ya siku iliyofuata. Lilikuwa pacha wa jirani. Mzee Osmundi, ambaye wakati huo macho yalishaanza kumtupa na kazi yake ilikuwa kukaa pembeni na kutokuridhika, alilishika akasema si baya. Kwake hiyo ilikuwa sifa ya mazishi.

Daktari akamjaribishia Mama Tekla jino, akampa kioo. Akalitazama. Akasema, "Zuri sana, fundi. Mungu akubariki." Na mkono ukapandisha kanga mdomoni.

Nimeuza vitu maisha yangu yote. Mteja anayesifu haraka hanunui. Anayenunua huanza kulaumu. Nikamwuliza kuna nini, akasema hakuna, ni zuri. Nikamwambia aondoe kanga, akaondoa, akajaribu kucheka, na mimi mwenyewe nikaona. Meno mawili ya mbele yalikuwa sawa kabisa, kama wanafunzi wawili waliosimamishwa mbele ya darasa kwa kosa moja. Hukujua lipi la bandia, lakini ulijua kuna la bandia.

"Siyo hilo," akasema Agripina kutoka kwenye benchi, maana mahindi ya Mkumbi yalikuwa hayajafika bado.

Nikamwambia mama, naomba utuache, hili limelinganishwa na jirani, tena mara mbili.

"Huyo jirani yako amekaa ubavuni, halioni. Mimi nilikuwa nasimama mbele yake." Akainuka. "Lile lililovunjika lilikuwa na ufa wa rangi ya chai, unaanzia hapa kwenye ncha, unapanda mpaka hapa. Na pembeni kidoa cheupe, kama tone la uji."

"Meno yangu yalikuwa meupe," akasema Tekla. Hakumtazama, alikiambia kioo.

"Meupe? Tekla, hayajawahi kuwa meupe tangu upate ubatizo. Yalikuwa mazuri, lakini meupe hapana."

"Uliyajua vizuri hivyo, ukayavunja."

"Uliinama."

"Uliwahi kushusha."

"Ulikuwa unacheka."

"Na nani alikuwa ananichekesha?"

Mimi nimesimama na kibano mkononi, daktari anajifanya anatafuta kitu kwenye droo. Mzee Osmundi peke yake ndiye aliyekuwa amestarehe.

"Nilikungoja uje," akasema Tekla. "Siku ile nilipika hata uji wa kukupa. Aliyeumiza ndiye anayekuja, hata mtoto anajua."

"Kwenu," akasema Agripina. "Kwetu Wampoto aliyemwaga damu haingii uani mwa mtu mpaka aitwe. Ukiingia bila kuitwa umekuja kumalizia. Mimi nilikaa mlangoni kwangu nikingoja kuitwa. Mpaka utingo aliponiita, nikajua ni wewe."

Tekla alikuwa Mnyasa wa hapo hapo Lundo, Agripina aliolewa hapo kutoka upande wa Wampoto. Wamekula sahani moja, wamezalishana wakishikana mikono, na hakuna aliyewahi kumwuliza mwenzake jambo hilo kwa sababu kila mmoja aliamini ni la kila mtu. Nawaambia, ofisi ya kata ilikuwapo kwa kazi hiyo, tena na viti. Wao wakasuluhishana karakanani kwangu, wakati tanuri linakula umeme.

Ilibaki rangi. Kupaka ule ufa maana yake kuchoma tena, na kila kuchoma ni kamari: joto likizidi kauri inalegea na kung'aa kama kioo, umeme ukikatika tunarudi kwenye chuma kitupu, kujenga kauri upya. Kahawia nzuri, ile ya zamani ya masanduku, ilibaki ya kukwangua mdomoni mwa kichupa. Nikamtazama Tekla, nikamwuliza kama anataka. Akasema lile lake lilikuwa na ufa, basi liwe na ufa.

Nikaanza kupaka, na Agripina akaanza kupatana. Yeye alitaka ufa wote na wa chai ya rangi. Nikampa nusu, na chai ya maziwa. Akasema namwibia Tekla. Nikamwambia ufa mkali sana utaonekana umechorwa. Akapunguza urefu, mimi nikaongeza rangi. Kidoa cheupe alitaka kikubwa, nikakataa, akakubali tone. Nimepatana na wenye maduka wa Dar es Salaam na wakulima wenye fedha mfukoni, sijakutana na mpatanaji kama yule, na hata haikuwa bidhaa yake.

Kisha akanikosoa jambo ambalo naomba mlishike hata mkisahau mengine. Mimi nilikuwa nimeinamia jino mdomoni mwa Tekla, pua yangu karibu na pua yake. Agripina akanivuta shati nyuma. "Nani anamtazama mtu hivyo? Mumewe alishafariki. Simama nilipokuwa nasimama mimi." Akanisimamisha umbali wa kinu kutoka kwa Tekla, akamwambia Tekla aseme kitu. Tekla akataja bei ya samaki. Kutoka pale ufa wangu ulikuwa mkali bado. Nikaufuta kidogo kwa ncha ya brashi kavu. Nikarudi pale pale. Ukatulia.

Tukaliweka tanurini. Jenereta likakohoa katikati, taa zikafifia, Mzee Osmundi akavua kofia. Taa zikarudi. Jino likatoka.

Mara hii Mama Tekla hakusema zuri. Alikaa na kioo muda mrefu, akageuza shingo huku na huku, akasema, "Na ufa huu nao ulikuwa mbaya, sikujua." Akaanza kulaumu: mbona umepinda, mbona kidoa kimekaa juu sana. Agripina akamjibu ndivyo kilivyokaa. Wakabishana mpaka daktari alipomaliza kuligandisha, na kanga ilikuwa mabegani muda wote huo. Nikajua ameshanunua. Utingo aliniambia safari ya kurudi wote wawili walipanda juu ya magunia, na kwamba mpaka wanafika hawakuwa wamekubaliana nani aliinama na nani aliwahi.

Baada ya hapo nilipaka meno mengi, na mengi yaliniudhi kwa namna zake. Mzee Osmundi alifariki. Mji ukapata umeme wa uhakika zaidi na unga wa rangi usiogeuka kijani, ninyi mkaja na kompyuta zenu za kuchagulia rangi, ambazo nazo, nimeona, huwa mnazibishia.

Siku moja nilishuka Lundo kwa msiba wa mkwe wangu. Wakati wa kurudi nikapita mwaloni kununua samaki wa kupeleka nyumbani, na kwenye meza yenye watu wengi nikamkuta Mama Tekla. Amenenepa, anaita wateja mikono yote miwili ikiwa hewani, anamtania mmoja, anamfokea mwingine. Sikujitambulisha. Nilitaka kwanza nione jino langu.

Nikauliza bei ya mbasa mmoja. Akaitaja, na ilikuwa bei ya dharau. Mimi sijawahi kununua kitu kwa bei ya kwanza tangu nizaliwe. Nikafungua mdomo nimjibu, na macho yakaenda mdomoni mwake. Akacheka na mtu wa pembeni, nikatazama la kushoto. Akaita mwingine, nikatazama la kulia. Nikajaribu kukumbuka ile plasta, ilikuwa upande upi, na upande wake au wangu. Nikatafuta ufa wa chai. Rangi ya juu hulika, huenda mswaki ulishaula, huenda ulikuwapo bado. Nilichoona ni mwanamke anayeuza samaki.

"Baba," akasema, "unanunua, au umekuja kunihesabu meno?"

Wanawake wa meza za jirani wakaangua kicheko. Nikatoa fedha nikalipa bei aliyoitaja, yote, bila kushusha hata senti.